Zamu ya usiku isiachwe kwa hisani

JICHO LA MPAKANI
Na Zubeda Adiru

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 60 za kazi, yenye malipo. Mkunga naye ni mama, na ujauzito wake huonekana miezi mingi kabla hajaanza likizo. Lakini siku ya likizo ikifika, mara nyingi jina lake hufutwa tu kwenye ratiba, na wenzake huambiwa wasaidiane.

Tupige hesabu. Wiki ina saa 168, na sheria hiyo hiyo inaweka kazi ya wiki kuwa saa 48. Kituo cha afya cha gombolola chenye wakunga watatu kina saa 144 tu, hata wote wakiwa wazima. Akienda mmoja likizo, wawili wanaobaki wanabeba saa 84 kila mmoja. Huko si kusaidiana. Ni kuwachosha watu ambao mikono yao inapokea watoto wetu.

Kwa sababu hakuna mbadala aliyepangwa, zamu hupangwa kwa mdomo. "Dada, nishikie usiku wa leo, nina msiba." Dada anakubali kwa moyo mweupe, lakini msimamizi wa kituo hajui, na karatasi ya ukutani bado ina jina la zamani. Mgonjwa akiletwa saa nane usiku, mlinzi anampigia aliyeko matangani. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Gombolola ya Dadamu iko karibu na katikati ya jiji la Arua, kwa hiyo bodaboda yaweza kumwahisha hospitali ya rufaa. Mama wa Koboko ana zaidi ya kilomita 50 mbele yake, na Koboko hupokea pia wagonjwa wanaovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini.

Katika kituo cha daraja la nne shida ni kubwa zaidi. Vituo hivi viliwekewa chumba cha upasuaji ili mama asisafirishwe mbali. Lakini mtaalamu wa usingizi akiwa mmoja na akaenda likizo, mlango wa chumba hicho unafungwa, hata daktari akiwepo. Muuguzi hodari hawezi kuishika zamu hiyo. Mbadala ni mtu mwenye ujuzi ule ule.

Nasema wazi: kumshikia mwenzako zamu ni utu, na utu huo tuuenzi, lakini usigeuzwe mfumo wa serikali. Kila badiliko liandikwe: nani anatoka, nani anapokea, tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Anayepokea atie sahihi mwenyewe, na mpaka atie, zamu ibaki ya yule wa kwanza. Namba ya simu ya anayepokea ifike kwa mlinzi, wodini na kwa dereva wa gari la wagonjwa siku hiyo hiyo. Aliyekesha usiku asipewe zamu ya asubuhi, hata akijitolea.

Na kwa likizo ndefu, waajiriwe wakunga wa muda, kwa mkataba na mshahara. Hatuwatafuti mbali. Arua na Kuluva zina vyuo vya uuguzi, na wapo wakunga wastaafu wenye nguvu na uzoefu wa miaka mingi.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo, madiwani wa Arua na Koboko wadai orodha ya likizo za watumishi wote wa afya, na mbele ya kila jina waone jina la atakayeshika nafasi yake na fungu la kumlipa. Bajeti isiyo na orodha hiyo wasiipitishe.