Wazee waliokimbia mashamba: muchana wanakaa, usiku hawalali

Asubuhi ukipita katika mitaa ya Butembo ao Beni yenye kupokea wakimbizi wa ndani, utawaona wazee mbele ya nyumba. Muzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, ao juu ya tofali, mikono juu ya magoti. Ukirudi saa kumi ya jioni, unamukuta pale pale. Ukimuuliza kama alilala vizuri, jibu ni karibu lile lile: alifunga macho kidogo, kisha akangoja kuche.

Wengi wao ni wakulima. Walitoka Bulongo, Halungupa, Mutwanga na vijiji vingine vya sekta ya Ruwenzori, wengine Watalinga, Eringeti, Oicha. Mauaji ambayo waasi wa ADF wanashitakiwa yalianza katika eneo la Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, na hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Mei 2021 haikuyamaliza. Upande wa kusini, mapigano ya M23 yalisukuma watu wengine kuelekea Lubero na Butembo, zaidi sana kisha Kanyabayonga kuanguka mwishoni mwa Juni 2024. Kwenye redio tumesema mara nyingi juu ya unga, mahema na masomo ya watoto. Juu ya mwili wa muzee aliyeacha jembe, tunasema kidogo sana.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa mashauri mwaka 2020: mutu wa miaka 65 na zaidi atembeze mwili dakika 150 mupaka 300 kwa juma, na siku tatu ao zaidi afanye mambo ya kutia nguvu na kuzuia kuanguka. Kwa koko wa Mutwanga, hesabu hiyo inachekesha. Kupanda mupaka kwenye shamba la kakao ao kahawa, kulima, kushuka na kuni na ndizi mugongoni: dakika 150 zilikuwa zinaisha siku ya kwanza ya juma. Hakuna aliyeita ile mazoezi. Ilikuwa kazi tu. Kisha usiku mumoja risasi zinalia, watu wanakimbia, na mutu wa miaka 72 anatoka kwenye kulima kila siku mupaka kwenye kukaa kila siku. Hakupewa hata juma moja la kuzoea.

Usingizi wa usiku unajengwa muchana. Mwili uliotumika unadai kupumuzika, na mwangaza wa jua ndio unaoambia kichwa saa ngapi ni muchana na saa ngapi ni usiku. Mutu anayeshinda ndani ya chumba chenye giza, anasinzia saa nne, anasinzia tena saa nane, huyo amekwisha kula usingizi wake mbele ya usiku kufika. Zaidi ya ile, usingizi wa uzeeni ni mwepesi kwa asili. Kitu kidogo kinauvunja.

Hapa kwetu wazee wanakaa katika jamaa; nyumba za kutunzia wazee ni chache sana. Majirani wetu Watanzania wanazo za serikali, kama Nunge kule Dar es Salaam, ao Sebleni na Welezo kule Zanzibar. Ulaya na Marekani ziko nyingi, na huko ndiko waganga walichunguza sana jambo hili. Walikuta picha tunayoijua: wazee wanakaa ao kulala kitandani muda murefu wa muchana, usiku wanaamushwa na kelele na taa. Walipojaribu kuwatembeza tu muchana, usingizi haukubadilika sana. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1999 uliunganisha mambo mawili, kutembeza mwili muchana na kupunguza kelele na mwangaza usiku, na wazee wakalala vizuri zaidi. Mwingine wa mwaka 2011, kule Arkansas, ulionyesha kwamba mazoezi pamoja na shuguli ya kukutana na watu vilisaidia kuliko kimoja peke yake.

Nilipoyasoma, nilifikiria saluni zetu. Katika nyumba inayopokea jamaa mbili ao tatu, muzee anawekwa wapi? Mara nyingi ni saluni, kwenye godoro linalotandikwa usiku. Vijana wanaangalia simu na kupiga mazungumuzo mupaka saa tano. Saa kumi na moja ya asubuhi mama wa nyumba anapita kuwasha moto. Kati ya saa hizo koko anataka kwenda haja, lakini choo kiko inje, kuna giza, kuna baridi ya Butembo ambayo mutu wa Watalinga hakuizoea, na kuna woga. Kwa hiyo anajizuia kunywa maji kuanzia jioni. Bila kujua, tumejenga nyumba ya wazee yenye makosa yote ya zile za wazungu, bila muganga wake.

Nisema pia kitu kingine: si kila kuamuka ni ugonjwa. Mwaka 2017 wachunguzi walitoa habari juu ya Wahadza wa Tanzania. Walifuata usingizi wa watu wazima 33 muda wa siku 20, na katika saa zaidi ya 220 walizopima, dakika ambazo wote walikuwa wamelala pamoja zilikuwa 18 tu. Tofauti ya umri ilichangia: wazee wanawahi kulala na kuwahi kuamuka, vijana wanachelewa. Wachunguzi waliwaza kwamba ndivyo kikundi kilivyojilinda tangu zamani. Mukaaji wa Beni haitaji kufasiriwa ile. Hapa sikio la muzee limekwisha kuokoa watu. Lakini kulinda kila usiku, mwaka kisha mwaka, na muchana hakuna kitu cha kuchokesha mikono, ile si desturi tena.

Wengine wanatafuta dawa. Diazepamu inapatikana kirahisi, hata kidonge kimoja kimoja. Katika mwili wa muzee inakaa murefu. Anaamuka na kizunguzungu, anaenda chooni, anaanguka, nyonga inavunjika. Kidonge cha namna ile kiamuliwe na munganga kwenye kituo cha afya, si na jirani.

Kosa kubwa, mimi naliona, linatoka kwenye roho nzuri. Kwetu tuliishi na koko aliyekimbia. Kila aliposhika ndoo ao fagio, tulimunyanganya: «Acha, koko, ikala upumzike.» Tuliogopa pia majirani waseme tunamutumikisha. Alikonda kiti kikiwa chini yake. Siku moja alikuta kipande cha udongo nyuma ya choo, akapanda lengalenga bila kuomba ruhusa. Sisemi alipona. Nasema aliacha kutuuliza saa ngapi katikati ya usiku.

Hii si jambo dogo la kufurahisha wazee. Kuna wanaochoka kukaa, wanarudi kwenye mashamba wakijua hatari, na si wote wanaorudia nyumbani. Ndiyo maana wenye viwanja ndani ya muji, parokia, shule, watu wa mali, wanaweza kufanya kitu: kuazima kipande kidogo kwa musimu mumoja, pahali wazee wanaweza kukutana asubuhi na majembe yao. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 49, inasema muzee ana haki ya ulinzi wa pekee kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Wanaogawa musaada wanaandika hesabu ya wazee kwenye karatasi. Waongeze swali moja: unalala wapi, na muchana unafanya nini?

Na nyumbani kwako, musomaji, jaribu leo. Umuachie koko maharagi ya kuchambua, kwenye jua la asubuhi, pamoja na wengine. Saa tatu ya usiku simu zitoke saluni. Weka ndoo yenye kifuniko karibu na godoro lake.