Kujiamini Mezani Hakuji kwa Majigambo

Kila jioni, katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na hata katika vituo vidogo vya biashara huko mashambani, vijana hukusanyika kuizunguka meza yenye kitambaa cha rangi na mashimo sita. Mchezo wa puli umekwisha kuwa sehemu ya maisha yetu, kama vile bao lilivyo sehemu ya maisha ya baraza za pwani. Wako wanaouita mchezo wa wavivu, na mara kwa mara maafisa wa utawala hapa na pale wametoa amri kwamba meza hizo ziondolewe. Leo hatutaki kuingia katika ubishi huo. Tunalotaka kulizungumzia ni jambo ambalo wachezaji wenyewe hulitaja kila siku bila ya kulichunguza, nalo ni kujiamini.

Hapana mchezaji asiyejua ya kwamba mkono unaotetemeka hautumbukizi mpira. Kwa hiyo kila mmoja hutafuta namna ya kuwa na moyo thabiti, lakini wengi huutafuta mahali ambapo haupo. Mmoja huutafuta katika chupa. Mwingine huutafuta katika maneno, akimtisha mwenzake kabla hajapaka fimbo chaki. Wa tatu huweka dau lililo kubwa kupita uwezo wake ili watu waone kwamba haogopi. Debe tupu haliachi kuvuma. Uvumi huo hudumu mpaka pale mpira mweusi, nambari 8, unapobaki peke yake na watu wote wakanyamaza. Hapo chupa haisaidii, na maneno yote aliyoyasema huwa mzigo juu ya bega lake.

Hasara yake si ya mchezo tu. Kijana aliyepokea ujira wake Ijumaa huamka Jumapili akiwa hana hata nauli, kwa sababu alidhani ya kuwa kujiamini maana yake ni kukataa kuondoka mezani. Kila aliposhindwa aliongeza dau ili kuirudisha heshima yake. Wala hakujifunza lolote, kwani katika kila mchezo alipata wa kumlaumu: mara meza imeinama, mara fimbo imepinda, mara watazamaji wamepiga kelele. Meza kweli huweza kuinama. Lakini mwenzake alicheza juu ya meza iyo hiyo.

Basi kujiamini kwa kweli hutoka wapi? Mtaalamu wa elimu ya nafsi Albert Bandura, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake ina chemchemi nne: mambo aliyokwisha kuyafanya mwenyewe akafaulu, kuwaona wenziwe wakifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili wake kwa wakati ule. Katika hizo nne, yenye nguvu kupita zote ni ile ya kwanza. Kwa maneno mengine, mtu huamini ya kwamba ataweza kwa kuwa amekwisha kuweza. Sifa za marafiki hutia moyo, lakini haziwezi kushika mahali pa kazi iliyofanywa.

Kazi yenyewe ni ya namna gani? Tuchukue mfano mmoja mwepesi. Weka mpira mmoja katikati ya meza, kisha uweke mweupe nyuma yake ili yote miwili ielekee shimo la pembeni kwa mstari mmoja. Upige mweupe katikati, kwa nguvu ya kiasi. Ukiwa umepiga barabara, mpira wa pili utaingia shimoni, nao mweupe utasimama pale pale ulipogonga, kwa sababu mwendo wake wote umehamia kwa mwenziwe. Mweupe ukienda upande, hukupiga sawa. Ukiendelea mbele, ulifika ukiwa unabingirika. Na haya ni kweli hata kama mpira umeingia.

Hapo pana fundisho kubwa. Watazamaji hupiga makofi mpira unapoingia, lakini mpira mweupe ndio shahidi asiyesema uongo. Mchezaji anayejitazama kwa haki hupiga namna hiyo mara 10 na kuandika katika daftari ni mara ngapi mweupe ulisimama. Leo ni mara 4. Baada ya mwezi huenda ikawa 7. Siku ya mashindano, anapokutana na pigo kama hilo, hahitaji kujidanganya wala kuomba bahati, maana daftari lake limekwisha kumwambia yeye ni nani.

Msomaji atauliza, na kwa haki kabisa: meza zetu nyingi hudai sarafu kwa kila mchezo, mtu asiye na fedha atajizoeza vipi? Zipo njia. Mwenye meza akikubali, asubuhi kabla wateja hawajafika, mpira mweupe peke yake watosha. Uupige moja kwa moja hadi ukingo wa mbali na uache fimbo pale ilipokoma. Ukirudi na kuigusa ncha ya fimbo, mkono umenyooka. Nyumbani, laza chupa tupu juu ya meza ya chakula, kisha uipeleke fimbo, au hata ufito ulionyooka, ndani ya mdomo wa chupa na kuirudisha bila ya kugusa kioo. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna atakayekushangilia. Lakini wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mchezo huu ni wa kuinama kweli kweli.

Mfano mzuri wa haya ni Efren Reyes wa Ufilipino. Alizaliwa mwaka 1954, akakulia mjini Manila kwa jamaa yake aliyekuwa na ukumbi wa mchezo huu. Alipoanza alikuwa mdogo hata ikambidi kusimama juu ya makreti ya soda ili aifikie meza. Mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kushinda mashindano makuu ya wazi ya Marekani ya mipira tisa. Mwaka 1996, huko Hong Kong, alipambana na Earl Strickland wa Marekani katika mchuano wa siku tatu, mshindi akiwa yule atakayetangulia kufikisha michezo 120. Reyes aliachwa nyuma sana, lakini hakuvurugika. Mwishowe alishinda kwa 120 dhidi ya 117. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia mjini Cardiff. Na pamoja na yote hayo, alijulikana kwa upole na tabasamu wala si kwa kujitapa. Mtu aliyepoteza michezo 117 katika mchuano mmoja na bado akaibuka mshindi anatuonyesha ya kwamba kujiamini si kutoshindwa. Ni kushindwa mara moja bila ya kuona ya kwamba umekwisha.

Iko alama nyingine ya kujiamini ambayo hutajwa mara chache. Mchezaji anayejiamini haoni aya kuliacha pigo gumu na badala yake kuuficha mweupe nyuma ya mpira mwingine, ijapokuwa watazamaji watamwita mwoga. Anapogusa mpira kwa bahati mbaya na hakuna aliyeona, husema mwenyewe, kwa kuwa ushindi wa wizi hauongezi chochote katika daftari lake. Na dau linapokuwa kubwa, huweza kusema, "Leo basi," akarudi nyumbani na ujira wake mfukoni. Anayelazimika kuendelea ili aonekane shujaa, huyo bado anaogopa.

Tungependa basi kuwashauri wenye kumbi wawape vijana, wavulana kwa wasichana, nafasi ya kujizoeza saa ambazo meza zimelala, na wapange mashindano ambayo tuzo yake haitoki katika mifuko ya wachezaji wenyewe. Nao wachezaji wakumbuke msemo wetu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kukubali huko si kukata tamaa. Ni kupeana mkono na aliyekushinda, kumwuliza alilipigaje lile pigo la mwisho, na kesho asubuhi kulijaribu mara 10.