Nani Anayezalisha Maboga ya Kengeja?

Mkulima wa bustani ya nyumbani huko Kengeja, kusini mwa Pemba, aonapo vitoto vya maboga yake vikigeuka manjano na kuanguka kabla havijafikia ukubwa wa ngumi, upesi huilaumu ardhi, jua, au hata jicho la jirani. Kisha huikimbilia pampu ya dawa. Ni mara chache kufikiri kwamba yumkini aliyekosekana ni nyuki.

Walimu wanalifahamu jambo hili. Mmea wa boga una maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na chavua yake ni nzito yenye kunata, haichukuliwi na upepo. Ua hufunguka alfajiri, na ifikapo adhuhuri limekwisha kufunga, wala halifunguki tena. Hivyo anayenyunyiza dawa asubuhi huwaua watumishi wake mwenyewe katika saa zile zile za kazi yao. Kama hana budi kunyunyiza, na angoje magharibi.

Biringani nalo lina siri yake. Chavua yake imefichwa katika vifuko vyenye tundu ndogo, na nyuki wa asali hawezi kuitoa. Kazi hiyo huiweza yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye boriti, ambaye hulitikisa ua kwa mvumo wa kifua chake. Ndiye pia mhudumu mkuu wa pasheni. Malipo yake ni kuzibiwa tundu kwa udongo! Pengine gogo kavu likiachwa uani lingemtosha.

Itasemwa kwamba uchumi wa Pemba ni karafuu, na karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Ni kweli, lakini mtoto hashibi karafuu. Tena mfano wa vanila ungetosha kuwa onyo. Zao hili la Marekani ya Kati lililetwa Afrika bila wadudu wake, na tangu Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, alipogundua njia mwaka 1841, kila ua huguswa kwa mkono wa binadamu, moja moja. Nani atayafanyia hivyo maboga, matango na matikiti ya Wilaya nzima ya Mkoani?

Wapemba hawahitaji kufundishwa ugenini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani, alikaribia kumalizika kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji walipoamua kumlinda aliongezeka, na leo wageni huenda Kidike kumtazama.

Hata hivyo, viwanja vingi vya skuli na ofisi bado hufyekwa mpaka udongo mtupu, kila ua la mwitu likihesabiwa kuwa uchafu. Kivumbasha na mrehani vikiachwa vichanue kando ya ua wa skuli moja tu, wanafunzi watawahesabu wenyewe wadudu wanaofika, na hakuna fungu la fedha litakaloombwa wizarani.