Mcheza Kwao Hutuzwa. Na wa Ugenini Je?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ngoma ni ya kwao, wapigaji ni nduguze, na hata akikosea hatua, shangazi hakosi kumpigia kigelegele. Lakini, ndugu msomaji, achezaye ugenini, tena mbele ya bingwa mwenye jina, hutuzwa na nani?

Swali hili lawahusu sana mashabiki wa Kisii na Nyamira. Timu yao, Shabana, ilishuka daraja mwaka 2006, na ikarejea Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17. Inapotoka kwenda kumkabili jirani yake Gor Mahia, klabu iliyotwaa ubingwa wa Kenya zaidi ya mara 20, wengi huwa wameshaihesabia kushindwa kabla ya filimbi kulia. Ndiyo maana bao moja la ugenini huwa tamu kuliko matano ya nyumbani.

Kulipopambazuka, maneno huanza. Aliyefungwa hulaumu refa, matope na jua. Aliyeshinda naye, badala ya kutosheka na ushindi, hutafuta matusi ya kuutilia chumvi. Hapo wote wawili wameshaiharibu ladha yake.

Dawa ya maneno hayo imo humohumo Gusini. Mwaka 1966 Naftali Temu alikwenda Kingston, Jamaika, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika mbio za maili 6 alimkuta Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia ya masafa hayo. Temu akamwacha nyuma na kuichukua dhahabu. Mwaka 1968, mjini Mexico City, alishinda mbio za mita 10,000, akawa Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Akaongeza na shaba ya mita 5,000.

Udhuru haukukosekana. Wakasema mji ule uko juu mno, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huwapendelea watu wa milimani. Si uongo kwamba hewa ile iliwatesa wengi; Clarke mwenyewe alizirai baada ya kumaliza. Lakini Kingston je? Kingston ni mji wa bandari, na joto la bandari sisi watu wa Pwani twalijua. Huko aliyekuwa mgeni wa hewa ni Temu, mtu wa vilima vya baridi na mashamba ya chai. Basi udhuru wa mwaka 1968 ulikuwa umeshajibiwa miaka miwili nyuma, nao ulijibiwa kwa miguu, si kwa mdomo.

Temu alifariki mwaka 2003. Nasi turudi kwenye swali letu. Mcheza ugenini hutuzwa na waliobaki nyumbani. Tuzo ya kwanza ni kiingilio: arukaye ukuta wa uwanja Jumamosi hana haki ya kupiga honi Jumapili. Ya pili ni kuizuia midomo yetu isimtukane jirani, ambaye wiki ijayo tutakutana naye sokoni. Ya tatu ni kumbukumbu. Mtoto wa Nyamira anayeweza kuwataja washambuliaji wote wa Uingereza, na jina la Temu halijui, kosa si lake. Ni letu tulioshangilia, kisha tukanyamaza.