Maktaba Si Chumba cha Mtihani

Warsha ya ufundi ikitangazwa maktaba, watetezi wa ukimya huja juu: maktaba ni mahali pa vitabu, kusuka na kushona wakasomee vyuo vya ufundi vya VETA. Ukiwasikiliza utadhani meza zetu zimejaa wasomaji wa Shaaban Robert. Pita asubuhi yoyote uone. Vijana wametandaza madaftari yao na mitihani ya miaka iliyopita, wanakariri. Vitabu vya rafuni havijaguswa. Walichofuata ni kiti, meza na soketi ya kuchajia simu. Siwalaumu, huenda nyumbani hawana pa kukaa. Ila tusidanganyane: ukimya tunaoambiwa tuulinde ni wa watahiniwa.

Tena ukimya huo una historia. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931 ikawa ya Wazungu peke yao hadi 1958. Ilikuwa tulivu kweli kweli.

Na hao wanaosema kazi ya mikono haina elimu hawajakaa karibu na bibi anayesuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Ukindu huchanwa, huchemshwa na rangi, huanikwa. Kisha zinahesabiwa chane, maana idadi yake ndiyo inayoamua upana wa ukili, na mpangilio wa rangi ndio unaotoa ua. Chane moja ikikosewa, ua linakwenda upande, na bibi atakwambia ufumue bila kukuonea haya. Ukili ukishatosha hushonwa, mshono baada ya mshono, mpaka utoke mkeka. Hesabu yote hiyo iko kichwani mwake, hana kalamu. Nenda kwenye rafu ukanitafutie kitabu cha Kiswahili kinachofundisha hesabu hiyo hatua kwa hatua. Nakutakia kila la heri.

Nakiri zipo warsha za ovyo. Watoto wanapewa gundi na karatasi za kumeta, mfadhili anapigwa picha, soda zinagawiwa, watu wanatawanyika. Hiyo ni sherehe, iitwe sherehe. Warsha ninayoitetea ni ile ambayo vitabu vya mimea, hisabati na historia ya pwani viko mezani pamoja na ukindu, na mkutubi anaandika kila anachosema fundi mpaka rafu ipate kitabu isichokuwa nacho.

Wakutubi, tengeni Jumamosi moja tu kwa mwezi. Mlango wa chumba cha warsha ufungwe kama watahiniwa wanaudhika. Na bibi alipwe, msimwite aje kujitolea, kwa sababu mtaalamu wa kompyuta mkimwita mnamlipa.