Mwakani ya baba, safari ya Mama

Mimi mwenzio nipo hapa hapa Ngerengere, kinyozi wa mchana na mwandishi wa usiku. Leo nataka tuzungumzie matembezi. Najua yupo atakayesema, "Huyu naye! Watu wanatafuta hela ya unga, yeye analeta habari za matembezi." Subiri bwana, usifunge gazeti. Hata mimi hela ya unga naitafuta.

Sisi watu wa huku tuna tabia moja. Tukisikia neno utalii, tunamwona Mzungu kavaa kaptula, kabeba begi kubwa kuliko yeye, anapiga picha mbuzi wa watu. Milima ya Uluguru tunaiona kwa mbali siku isiyo na wingu, lakini uliza hapa stesheni nani amewahi kuipanda. Utaambiwa kule wanakwenda wanafunzi wa chuo na watafiti wa ndege. Mlima tunao kama jirani tajiri: tunamsalimia tukiwa barabarani, kwake hatuingii.

Marehemu baba yangu alikuwa na neno lake moja: "Mwakani." Kila ukifika mwezi wa nane sisi watoto tulikuwa tunamzunguka kama vifaranga. "Baba, Nane Nane! Baba, Nane Nane!" Unajua tena, Kanda ya Mashariki sherehe hizo zinafanyika Moro, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere. Watu wa Pwani, Dar na Tanga wote wanamiminika hapo. Wao wanatoka mbali wanafika, sisi ambao ni jirani kabisa tunasubiri mwakani. Mwaka huu ufuta haukulipa, mwakani. Mwaka huu dada yenu anaanza sekondari, mwakani. Mzee hakuwa mchoyo, ni mfuko tu ulikuwa hauna kitu. Mwaka 2014 alifariki mwezi wa sita, miezi miwili kabla ya Nane Nane. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema mwakani, kuna kitu kinanikaba hapa kooni.

Basi bwana, mwaka 2025 nikaapa. Nikanunua kibubu mwezi wa tatu, kila wiki natumbukiza 5,000. Kuna wiki kichwa kilichonyolewa kilikuwa kimoja tu, lakini kibubu kilikula kwanza. Ulipofika mwezi wa nane nikakivunja: 110,000. Msafara ulikuwa wa watu wanne: mimi, Mama, na wapwa zangu wawili, watoto wa dada yangu. Dada yuko Dar anahangaika na biashara, watoto kawaachia bibi yao. Wa kiume ana miaka 9, wa kike 6. Huyu wa kiume ukimwacha aulize maswali, utatamani umlipe anyamaze.

Nane Nane ya mwaka ule iliangukia Ijumaa. Alfajiri tukapanda Hiace mpaka njia panda ya Ubena Zomozi, tukashika basi la Moro. Viwanja viko hapo barabara kuu ya Dar, kabla hujaingia mjini, kwa hiyo hakuna kupotea. Watoto wakaona ng'ombe ana kiwele kama ndoo ya lita ishirini. Wakaona mabwawa ya samaki, sungura, matrekta, mboga zimepandwa kwenye makopo. Mpwa wangu alimuuliza bwana mifugo kwa nini ng'ombe wa kwetu hana maziwa kama yule. Bwana mifugo akaanza kunitazama mimi, kana kwamba ng'ombe wote wa Ngerengere ni wangu.

Sasa Mama. Mama yangu magoti yanamsumbua, hivyo tulimtafutia kivuli kwenye banda moja la matunda na viungo vya milimani. Pale kulikuwa na ndizi, mananasi, karafuu, pilipili manga na mdalasini. Niliporudi na soda nikamkuta kashika kipande cha mdalasini, kakiweka puani, kafumba macho.

"Huu wa kwetu," akasema.

Muuzaji akacheka. "Umetoka Kinole, mama."

Mama akanyamaza kidogo, halafu akaniambia polepole, "Baba, mwaka wa kumi na sita huu sijafika. Kesho nipeleke kwetu."

Nikapiga hesabu ya haraka. Nauli, viingilio, chipsi na bembea za watoto vilishakula. Mfukoni nilikuwa na 61,000. Nikafungua mdomo nimjibu, na neno lililokuwa linatoka, msomaji wangu, unalijua. Nilifika kwenye "Mwa..." ulimi ukagoma. Nikamwona baba yangu kabisa, amekaa kwenye kigoda chake. Nikalimeza. Nikasema, "Sawa Mama. Kesho."

Tulilala kwa mama mdogo pale mjini. Jumamosi asubuhi tukanunua sukari, sabuni na nyama kilo moja, maana huwezi kwenda ukweni wala ujombani mikono mitupu. Njia ya kwenda Kinole unapitia Bigwa, unakwenda Kiroka, mbele kidogo unaiacha barabara ya Matombo unapandisha mlima upande wa kulia. Noah ilitufikisha ilipofika, kipande kilichobaki tukachukua bodaboda mbili. Mama alikaa nyuma ya dereva na khanga zake mbili, kajifunga kama bibi harusi. Kila kona alikuwa anataja jina: hapa palikuwa kwa fulani, hapa tulikuwa tunachota maji, hapa nilivunja chungu nikachapwa.

Jamani, kule ni kwingine. Ngerengere mwezi wa nane ni vumbi na miba, kule saa nne asubuhi ukungu bado haujaondoka na migomba inadondosha maji. Mpwa wangu wa kike akaniuliza kama kuna mtu kawasha friji.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, alitoka ndani na fimbo. Mzee wa miaka themanini na kitu. Akatutazama mmoja mmoja. Alipomfikia Mama, fimbo ikaanguka. Hawakusemezana muda mrefu, walishikana mikono tu. Mimi nikajifanya naangalia kuku.

Baadaye mzee alipotulia akaanza utani. "Nilidhani mmeshakuwa Wakwere huko chini, mmetusahau Waluguru!" Tukacheka. Halafu akawaita watoto. "Hawa wa nani?" Mama akajibu, "Wajukuu zangu, watoto wa binti yangu." Hapo mzee akasimama wima. "Wa binti yako? Basi hawa ndio wenyewe!"

Kama wewe si wa huku, ngoja nikufahamishe. Kwetu Waluguru ukoo unakwenda kwa mama. Mtoto wa binti ni wa ukoo, mtoto wa mtoto wa kiume ni wa ukoo wa mke wake. Ardhi ya ukoo kwa desturi inafuata njia hiyo hiyo, na mjomba ndiye mwenye sauti. Hata jina la Kingalu, mkuu wa jadi ambaye makao yake ni hapo hapo Kinole na ambaye wazee walimheshimu kwa mambo ya mvua, linarithiwa kwa upande wa mama. Kwa hiyo wale wapwa zangu, ambao Ngerengere wanaitwa "watoto walioachwa kwa bibi", kule mlimani walipokelewa kama wenye nyumba.

Mzee akatuchukua mpaka kwenye kipande kimoja cha shamba. Migomba, mafenesi mawili, mdalasini pembeni. Akasema, "Hiki cha mama yenu. Miaka yote hii nasafisha mimi. Mwaka huu watu wa ukoo walikaa kikao, wakasema huyu dada harudi na kizazi chake hakijulikani, tumpe mwingine. Nikawaambia nipeni mpaka mavuno yaishe." Kisha akawashika watoto mabega. "Nikiwaonyesha hawa, maneno yamekwisha."

Msomaji wangu, nilikaa chini. Ningesema mwakani pale kwenye banda la mdalasini, mwakani hiyo ingekuta shamba la mtu mwingine. Na yule mzee na umri wake, sijui ingemkuta au isingemkuta.

Tulikwenda kwenye kaburi la bibi, tukang'oa majani. Kisha watoto wakashuka kijitoni kuchezea maji. Mpwa wangu na maswali yake: "Mjomba, maji haya yanakwenda wapi?" Nikamwambia mito ya upande huu inakwenda kuingia mto Ruvu. Hata mto wetu wa Ngerengere unatoka milima hii hii, upande wa Moro mjini. Unapita bwawa la Mindu ambalo watu wa Moro wanalitegemea, unakuja kwetu, na mwisho wake ni Ruvu. Na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mama anakunywa haya?"

"Anakunywa haya."

Akainama akanawa uso, halafu akamwita mdogo wake naye aje anawe. Sikusema kitu.

Sasa tuje kwenye mambo ya mfuko, maana najua ndiyo unayosubiri. Usafiri wa Kinole kwenda na kurudi kwa watu wanne ulinitoka 34,000, zawadi za mjomba 12,000. Jumapili tulirudi kwa treni ya umeme, kwa sababu watoto walisema bila treni hawatoki Moro. Treni hizo zilianza kubeba abiria kati ya Dar na Moro tarehe 14 Juni 2024. Uliza treni ya kawaida, maana si kila treni inasimama Ngerengere, utajikuta unapungia kwenu mkono dirishani. Usisahau kitambulisho wakati wa kukata tiketi, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Wajerumani walipofikisha reli ya zamani Moro mwaka 1907, wazee wetu walikimbia porini kusikia mlio wake, ndivyo tulivyosimuliwa. Hii ya sasa haipigi hata kelele, ukifumba jicho umefika. Tiketi nne zikamaliza karibu vyote. Bodaboda wa kututoa stesheni nilimlipa mananasi mawili, akafurahi kuliko hela.

Kama wewe huna mjomba mlimani, usikate tamaa. Ukiwa Moro mjini unaweza kupanda Morningside, kwenye ile nyumba ya kale ya Wajerumani. Ni mwendo wa kama saa mbili kwa miguu, beba maji, na watoto wadogo wabebe wewe mwenyewe. Wapeleke Mazimbu, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, ambapo ANC ya Afrika Kusini ilifungua shule ya wakimbizi wake mwaka 1978 na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 walitukabidhi majengo, sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na wapo wapiganaji wao waliozikwa pale. Na kama mfuko umetoboka kabisa lakini una safari ya Iringa au Mbeya, mkalishe mtoto dirishani: barabara kuu inapasua Hifadhi ya Mikumi, hifadhi ya tangu mwaka 1964. Swala, nyani na twiga anaweza kuwaona akiwa amekaa kwenye kiti chake cha basi.

Lakini kabla ya vyote hivyo, muulize kwanza mzazi wako anataka kwenda wapi. Mimi nilihangaika na kibubu miezi mitano nikidhani Mama anataka kuona matrekta. Kumbe alikuwa anataka kunusa mdalasini wa kwao na kuona kama fenesi lake bado limesimama.

Jumapili ile ndani ya treni Mama alilala, mkungu wa ndizi uko miguuni pake. Mpwa wangu kabandika pua kwenye kioo, anatazama milima inarudi nyuma. Akageuka.

"Mjomba, tutakwenda tena lini?"

Lile neno likaja tena, lilikuwa limenisubiri hapo hapo.

"Desemba," nikamwambia. "Shule zikifungwa."

Kibubu kingine nimeshanunua, kipo juu ya kabati la mashine za kunyolea. Wateja wangu, nywele zimeota, njooni.

Wiki njema, mpenzi msomaji. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.