KIJANA ALIYEUZIMA MOTO ANGANI

Wengi wetu tukisikia habari za shujaa wa vita hudhani kwamba ama alikufa papo hapo, silaha mkononi, ama alirudi kwao akala matunda ya sifa zake hata uzeeni. Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za kijana ambaye hakupata moja katika hayo mawili.

Jina lake John Hannah, naye alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Paisley, nchi ya Scotland. Alikuwa muuza viatu, na mwezi wa Agosti 1939, majuma machache tu kabla ya vita kuanza, alijiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza. Huko alifundishwa kazi ya simu ya upepo na kupiga bunduki ya rashasha.

Mwezi wa Septemba 1940 Wajerumani walikuwa wamekusanya matishali mengi sana katika bandari za Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, wapate kuvusha majeshi yao mpaka Uingereza. Usiku wa tarehe 15 ndege ya Hannah, aina ya Hampden, ilitumwa kuyapiga matishali yaliyokuwa Antwerp. Ilikuwa ndege nyembamba yenye injini mbili na watu wanne tu. Rubani wake alikuwa Connor, mtu wa Kanada.

Walipokwisha kuyapiga matishali, kombora la mizinga ya chini liliingia katika chumba cha mabomu likapasuka. Moto ukashika. Matangi ya petroli yalikuwa yametobolewa upande wa kulia na wa kushoto, na kama moto ungaliyafikia, ndege yote ingaliteketea. Mpiga bunduki wa nyuma alilazimika kuruka kwa mwavuli. Mwonyesha njia naye akaruka. Wote wawili walitekwa na Wajerumani. Hannah naye angaliweza kuruka, wala hapana mtu ambaye angalimlaumu. Lakini rubani alikuwa angali ameshika usukani.

Basi Hannah alitwaa mitungi miwili ya kuzimia moto, akapigana na moto ule kwa muda wa dakika 10. Mitungi ilipokwisha, akaupiga moto kwa daftari lake la safari. Maelfu ya risasi yalikuwa yakilipuka huku na huku kwa joto, na bati la sakafu aliposimama likayeyuka, yakabaki mataruma matupu. Moshi ulipomziba macho na pumzi alifungulia hewa ya oksijeni, akavuta kidogo, akaendelea na kazi hata moto ukazimika. Ndipo alipotambaa kwenda mbele, uso umebabuka, akaona mwonyesha njia hayupo. Akazichukua ramani zake akampa rubani, nao wakarudi Uingereza wawili tu.

Hannah alikuwa na umri wa miaka 18. Mwezi wa Oktoba 1940 Mfalme George VI alimvika Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo kuu kuliko zote za Uingereza, na hapana aliyeipata kwa vita vya angani akiwa na umri mdogo kuliko yeye. Connor naye alipewa nishani yake. Lakini kabla ya mwaka ule kwisha alikufa vitani.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Vidonda vya uso vilipona, lakini mwili uliodhoofika ukapatwa na kifua kikuu, na siku zile dawa za kuyaponya maradhi hayo zilikuwa hazijaenea. Mwezi wa Desemba 1942 Hannah aliondolewa jeshini akapewa pensheni. Alikuwa na mke, na mabinti wakafika watatu. Alijaribu kuendesha teksi apate riziki, mwili ukakataa. Tarehe 7 Juni 1947 alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa kifua karibu na mji wa Leicester, naye ana miaka 25.

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa, na Hannah alitunzwa kweli. Lakini tuzo hutolewa ngoma ingali ikilia. Ngoma ikilala, mchezaji hurudi nyumbani na maumivu yake. Deni la dakika zile 10 lililipwa kwa miaka 6 na zaidi, tena mke na watoto walililipa pamoja naye. Sisi twamwita shujaa kwa usiku mmoja. Pengine miaka ile ya kitandani ilitaka ushujaa mkubwa zaidi, maana hapakuwa na moto wa kuupiga kwa daftari, wala Mfalme wa kutazama.

Basi mwenye jirani aliyerudi kutoka vitani, ama aliyeumia kwa kuwaokoa wengine, asidhani kwamba hesabu ilifungwa siku ya nishani. Na aende akamjulie hali. Muungwana ni kitendo, na yule amekwisha kutenda cha kwake. Kilichobaki ni chetu.